Picha ya juu ya paa Chicago: mjomba alisimama wapi?

Swali la dada mmoja, nimelifupisha: "Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alisoma Chicago mwanzoni mwa miaka ya 80 akarudi na boksi la slaidi. Moja imepigwa kutoka juu ya jengo refu na inaonyesha maghorofa yote ya katikati ya jiji. Sears Tower iko karibu na katikati ya picha na antena zake mbili, Hancock iko mbali kushoto inachomoza nyuma ya jengo moja pana sana, na kuna jengo jeupe linachungulia kushoto kwa Sears. Kulia kuna barabara kubwa inanyooka mpaka inapotea, na ziwa linaonekana kidogo. Halafu chini kuna makutano ya barabara yamejikunja kama konokono. Nataka kujua alikuwa juu ya jengo gani na ni mwaka gani. Inawezekana kweli?"

Inawezekana dada, na picha uliyonitumia ni nzuri kuliko unavyodhani. Nianze na jibu kabisa usije ukasoma yote hii na roho juu: mjomba alikuwa upande wa magharibi wa Sears ila kusini kidogo, umbali wa kilomita 1.3 mpaka 1.4 hivi, macho yake yakiwa kama mita 100 juu ya ardhi, na jengo ninaloliona ndo lenyewe ni University Hall ya chuo kikuu cha Illinois pale Chicago, ghorofa 28, lilijengwa 1965. Ilikuwa jioni, mwezi wa 9, kati ya 1982 na 1984 hivi. Sasa nikuonyeshe nimefikaje hapo, maana usikubali tu kwa sababu mimi nimesema, vipimo vyote unaweza kuvirudia mwenyewe kwa rula na ramani.

Hayo makutano ya konokono umeyataja mwisho kama kitu kidogo kumbe ndo ya kwanza kwangu. Hayo ni Circle Interchange, zinapokutana barabara kuu za Kennedy, Dan Ryan na Eisenhower, siku hizi yanaitwa Jane Byrne tangu 2014. Na hiyo barabara inayonyooka kulia ni mwendelezo wa Eisenhower kuelekea mashariki, inaenda kupita chini ya tumbo la lile jengo kubwa la posta ya zamani. Kwa hiyo mtaa tunaujua tayari, ni kando ya makutano hayo kwa upande wa magharibi. Hata chuo chenyewe kilikuwa kinaitwa Chicago Circle kwa ajili ya hayo makutano, mpaka 1982 kilipounganishwa na kile cha udaktari. Ila kujua mtaa sio kujua paa, watu wengi wanaishia hapo wanataja jengo la kwanza wanalolikumbuka, na mara nyingi wanakosea.

Kabla ya vipimo kuna jambo moja nataka likukae. Kila mtu anayeletewa picha kama hii anauliza kwanza ilipigwa na lensi gani. Lensi inaamua tu picha inachukua eneo kiasi gani, kubwa au dogo. Nini kimeziba nini, jengo gani linachungulia kushoto kwa jingine na kwa kiasi gani, hayo yanaamuliwa na miguu ya mpiga picha peke yake, yaani sehemu aliyosimama. Ukisimama palepale ukabadilisha lensi kumi, Hancock itabaki nyuma ya jengo lilelile. Ukisogea hatua chache pembeni ukiwa na lensi ileile kila kitu kinahama, cha karibu kinahama sana, cha mbali kidogo. Kwa hiyo mimi natafuta majengo mawili yaliyopangana, la karibu na la mbali, nachora mstari kwenye ramani kutoka la mbali kupitia la karibu nauvuta mpaka unifikie huku. Mpiga picha yuko mahali fulani juu ya mstari huo. Nikipata mstari wa pili, pale inapokatana ndo aliposimama.

Mstari wa kwanza: Hancock, lile ghorofa refu la kaskazini mwa jiji, na lile jengo pana. Jengo pana ni Merchandise Mart, la 1930, liko ukingoni mwa mto, halifanani na lingine pale mjini kwa upana wake. Kwenye picha Hancock inatokea nyuma yake lakini sio katikati, ni nusu ya kulia. Hilo neno "nusu ya kulia" ni muhimu sana, maana Mart ni pana mno, ukichora mstari kupitia katikati yake unaweza kukosea kwa zaidi ya mita 100 ukifika huku chini. Ukiupitisha nusu ya kulia unashuka kusini-magharibi, unavuka barabara kuu, unaingia eneo la chuo kati ya mtaa wa Halsted na Morgan. Chicago ina raha yake kwenye hili kwa sababu namba za nyumba ni vipimo, sifuri iko pale State inapokatana na Madison na ukielekea magharibi kila namba 800 ni maili moja. Halsted ni 800, Morgan ni 1000, kwa hiyo hata bila rula unajua uko zaidi ya maili moja kutoka State.

Mstari wa pili ndo unaonifurahisha, na hauhitaji jengo lingine kabisa, ni Sears peke yake. Sears (jina limebadilika 2009 ikawa Willis, mimi nitaendelea na Sears maana ndo jina alilolijua mjomba) imejengwa kama mabomba tisa ya mraba yaliyofungwa pamoja, matatu kwa matatu, kila bomba upana wa mita 23 hivi. Mabomba hayafiki juu yote. Mawili yanaishia ghorofa ya 50, mawili mengine ya 66, matatu ya 90, na juu kabisa yanabaki mawili tu, la katikati na la magharibi. Maana yake ile sehemu ya juu kabisa sio mraba, ni mstatili uliolala mashariki-magharibi: uso wake wa magharibi una upana wa bomba moja, na uso wa kusini una upana wa mabomba mawili. Ukiwa magharibi kabisa unaona uso mmoja mwembamba. Ukiwa kusini kabisa unaona mpana mara mbili. Ukiwa katikati ya hapo unaona zote mbili zikiwa zimepinda, na uwiano wa upana wake unakwambia uko pembe gani.

Kwenye slaidi yako jua limesaidia sana maana uso mmoja umewaka dhahabu na mwingine una giza, kona inaonekana safi. Skani yako ina upana wa pikseli 4,000. Nimekuza nikapima, uso wenye jua ambao ni wa magharibi una pikseli 48, ule wa giza wa kusini una 42. Ukifanya hesabu, 48 gawanya kwa 42 halafu zidisha mara 2 kwa sababu uso wa kusini kiuhalisia ni mpana mara mbili, unapata 2.29, na pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 66 na kidogo. Yaani mjomba alikuwa anaiangalia Sears kwa uelekeo wa digrii 66 kutoka kaskazini, mashariki na kaskazini kidogo. Nikikosea pikseli moja kila upande nahama kama digrii moja, na kwa umbali huo digrii moja ni mita 24 tu. Kwa jengo la mbali hivyo hicho ni kipimo cha kuaminika kabisa.

Chora sasa huo mstari kutoka Sears kurudi nyuma magharibi-kusini, unakutana na ule wa Hancock na Mart karibu na kona ya Harrison na Morgan. Pale kuna jengo moja tu refu, ni University Hall.

Ila hiyo mistari miwili inakatana kwa pembe ndogo, digrii 26 hivi, na mistari inayokatana kwa pembe ndogo ina tabia ya kuteleza, kosa dogo linakuwa refu kwa upande mmoja. Kwa hiyo nilitaka mashahidi wengine. Wa kwanza ni hilo jengo jeupe. Siku hizo lilikuwa linaitwa Standard Oil, baadaye Amoco, leo ni Aon Center, mita 346. Mstari kutoka Aon kupitia Sears ukiuvuta unapita kusini kidogo mwa University Hall. Mtu aliyesimama juu ya mstari huo haioni Aon, imezibwa. Aliye kusini mwake anaiona kulia kwa Sears, aliye kaskazini anaiona kushoto. Mjomba anaiona kushoto, inachungulia tu. Kwa hiyo yuko kaskazini mwa mstari lakini sio mbali nao, na University Hall iko hapohapo. Tena kipimo hiki ni kikali, ukihama mita 20 pembeni nafasi kati ya Sears na Aon inabadilika kama pikseli 20 kwenye skani yako.

Shahidi mwingine ni urefu, na hapa nikueleze polepole kwa sababu ni kanuni ambayo ukishaijua huangalii tena picha za juu ya maghorofa kwa jicho lile la zamani. Mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na mbingu, uko usawa wa macho yako. Kila jengo kwenye picha linakatwa na mstari huo kwa urefu uleule wa kamera. Jengo ambalo paa lake linapita juu ya upeo ni refu kuliko ulipo, ambalo liko chini yake ni fupi kuliko ulipo. Huhitaji kujua lensi wala umbali. Na Ziwa Michigan linatupa upeo safi kuliko miji mingi, kile kipande kidogo cha maji unachokiona kulia kinatosha, unavuta mstari wa kulala kupitia picha nzima (hakikisha kwanza picha haijalala upande, nyoosha kwa kuangalia kuta za majengo ya katikati).

Nimefanya hivyo. Uso wa magharibi wa Sears kwa pembe ile unaonekana kama mita 21, na una pikseli 48, kwa hiyo pale kwenye Sears mita moja ni pikseli 2.28. Kutoka paa mpaka mstari wa upeo kuna pikseli 790 hivi, ambazo ni mita 346. Paa la Sears liko mita 442. Toa, unabaki na 96. Halafu kuna marekebisho madogo, dunia ni mviringo kwa hiyo ukiwa mita 100 juu upeo wa maji unashuka kama digrii 0.3 chini ya usawa wa macho, na kwa umbali wa Sears hiyo ni mita 7. Ongeza, unapata 103. Siwezi kukuapia mita moja kwa moja, toa au ongeza mita 10 kwa ajili ya makosa ya kupima. University Hall ina urefu wa mita 103. Na ule mnara wa juu ya Merchandise Mart, ambao unafika mita 104 hivi, kwenye picha unapita upeo kidogo tu. Vinaongea lugha moja.

Mtu anaweza kuniuliza mbona isiwe kwenye mahospitali, ule mtaa wa hospitali ulioko magharibi zaidi nako kuna majengo marefu na Sears inaonekana. Nimeliangalia. Kutoka kule Sears na Hancock zinasogeleana, pembe kati yao inakuwa kama digrii 20, wakati kutoka University Hall ni 26. Na hapa ndo tunaweza sasa kuiuliza lensi, mwishoni, ikiwa shahidi tu. Kama mjomba alikuwa juu ya University Hall basi kati ya Hancock na mahali Eisenhower inapopotea kuna digrii 50, kwa sababu mitaa ya Chicago imelala karibu kabisa na dira, barabara inayoenda mashariki inapotea mashariki kamili, ni kama picha imekuja na dira yake ndani. Digrii 50 hizo zinakula karibu robo tatu ya upana wa slaidi yako, na hiyo inatupa lensi ya milimita 28, ambayo ni lensi ya kawaida kabisa watu walikuwa nayo. Ingekuja 31 au 43, ambazo sio lensi za kawaida, ningerudi kwenye ramani. Angalizo tu kwa anayetaka kujaribu, pembeni mwa picha digrii zinavutika, pikseli 100 za ukingoni sio sawa na 100 za katikati, kwa hiyo usigawe tu kwa urahisi, tumia tanjenti kutoka katikati ya picha.

Kuhusu slaidi kugeuzwa, hilo nilikagua mwanzo kabisa, maana slaidi ikiskaniwa kinyume kushoto inakuwa kulia na utatafuta paa ambalo halipo. Yako iko sawa. Ukitazama mashariki kaskazini iko kushoto, na Hancock iko kaskazini. Ingekuwa kulia kwa Sears huku ziwa liko nyuma ya majengo, ningejua imegeuzwa.

Sasa mwaka. Zile antena mbili kubwa za televisheni ziliwekwa juu ya Sears 1982, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla. Kwa mwaka wa mwisho unaowezekana, jengo la 311 South Wacker, lile lenye taji la kioo la 1990, lingekuwa kulia kwa Sears, halipo, lakini tunaweza kubana zaidi. Presidential Towers, minara minne inayofanana ya ghorofa 49, ilikamilika 1986. Kutoka aliposimama mjomba ingekuwa kushoto, mbele, ikiziba sehemu ya Merchandise Mart. Mart yako iko wazi, hakuna hata winchi mbele yake, na minara ya ghorofa 49 haioti siku moja. Ndo maana nasema mpaka 1984 hivi, 85 nina wasiwasi nayo.

Na jioni ya mwezi wa 9 nimeitoa wapi? Angalia chini ya picha, kulia kidogo ya makutano, kuna kivuli kirefu kinene kimelala juu ya ardhi kinaelekea mashariki. Dada, hicho ni kivuli cha jengo alilosimama mjomba. Na ncha ya kivuli hicho, pale kinapoishia, ndipo kilipo kivuli cha mjomba mwenyewe, ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kivuli cha mtu siku zote kiko upande wa pili kamili wa jua. Mtu mmoja mmoja haonekani kwa umbali ule, lakini yuko pale kwenye ncha. Ncha iko kama digrii 8 kushoto kwa mahali barabara inapopotea, na digrii 9 chini ya upeo. Geuza, jua lilikuwa digrii 9 juu, na digrii 8 kusini mwa magharibi kamili. Kwa latitudo ya Chicago jua linapita hapo siku za mchana na usiku kulingana, yaani karibu na tarehe 20 Machi au 22 Septemba, muda mfupi kabla halijazama. Ndo maana pia nyuso za kusini za majengo zina giza lakini sio giza kabisa, jua lilikuwa linazigusa kwa pembeni. Kati ya Machi na Septemba miti ndo inaamua: ile iliyo kati ya majengo ya chuo ina majani mengi, na Machi Chicago miti ni mifupa mitupu.

Kitu kimoja sijakimaliza ni kama alikuwa juu ya paa lenyewe au dirishani ghorofa za mwisho. Tofauti yake ni mita tatu nne, ndani ya makosa yangu ya kupima. Siioni kioo ikirudisha mwanga na rangi hazina ukungu wa dirisha, kwa hiyo naegemea paa. Usitegemee kuona ukuta wa jengo chini ya picha, University Hall ni pana juu kuliko chini, ukisimama ukingoni ukatazama chini ukuta unajificha ndani.

Ukitaka kujiridhisha fungua Google Earth, weka kamera kona ya Harrison na Morgan mita 103 juu ya ardhi, itazame Sears kwa digrii 66. Utakutana na majengo mapya kibao yanayoziba na makutano yamejengwa upya hayafanani na ya kwenye slaidi, usishtuke, angalia tu Sears kona yake na Hancock ilivyokaa.

Halafu nina ombi. Toa slaidi kwenye boksi uangalie fremu yake ya karatasi, zile za filamu ya Kodachrome mara nyingi ziligongwa mhuri wa mwezi na mwaka filamu iliposafishwa, wakati mwingine umefifia sana unaonekana tu ukiuinamisha kwenye mwanga. Nadhani utakuta Septemba au Oktoba. Mwaka ndo nausubiri kwako.